Simu, video na akili bandia kugundua magonjwa ya ubongo mapema: maswali mnayoniuliza sana

Niko Lamu, kazi yangu ni fizio, yaani mchana kutwa naangalia watu wanavyotembea, wanavyokaa, wanavyohangaika na kifungo cha shati. Tangu watu waanze kuona kwa Facebook kwamba kuna kompyuta inaangalia video ya vidole tu ikajua mtu ana Parkinson (ule ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu atetemeke, akakamae na mwendo uwe mzito), meseji hazikatiki, zengine usiku wa manane, zengine ni voisi ndefu mpaka nasahau swali lilikuwa nini (wallahi fupisheni). Basi nimeyaweka majibu pahali pamoja. Mimi si daktari wa ubongo, najibu ninayoyajua na niliyoyasoma, mambo ya kuandikiwa dawa mtayauliza kwa daktari.

Hii kitu hasa ni nini, ni mashine mpya ya hospitali?

Si mashine, hakuna cha kuingia ndani yake kama ile ya CT scan. Ni kamera ya kawaida, hata ya simu, na programu ya kompyuta. Mtu anarekodiwa akifanya vitu vidogo vidogo ambavyo madaktari wa mishipa ya fahamu wameviangalia kwa macho miaka na miaka: kugonganisha kidole gumba na cha shahada, kufunga na kufungua kiganja, kugeuza mkono juu chini, kuinuka kwa kiti, kutembea kisha kugeuka. Alafu programu inaichukua kila picha ya ile video inatia vidoti juu ya viungo. Kuna moja ya Google yaitwa MediaPipe, watafiti wengi huanzia hapo, mkono mmoja inautia vidoti 21 na mwili mzima 33. Vidoti vikisogea, kompyuta inapima vidole vimeachana kiasi gani, mara ngapi kwa sekunde, vimechelewa wapi, vimekwama wapi. Akili bandia, hii AI mnayoisikia, inaingia mara mbili: kwanza kujua kiungo kiko wapi ndani ya picha, alafu kuzilinganisha zile namba na za watu wanaojulikana ni wazima na wanaojulikana ni wagonjwa.

Kwani daktari hana macho?

Anayo, tena macho ya daktari mzoefu ndiyo yanayotumiwa kuifundishia hio kompyuta. Shida iko kwa alama. Kipimo kinachotumika dunia nzima kwa Parkinson kinatoa alama 0 mpaka 4 kwa kila zoezi, 0 ndio mzima. La vidole, mgonjwa anaambiwa agonganishe vidole mara kumi, haraka na kwa upana awezavyo, daktari anaangalia anaandika namba. Sasa baina ya 1 na 2 pana nafasi kubwa, madaktari wawili wakiangalia mkono ule ule mmoja ataandika 1 mwengine 2 na hakuna aliyekosea. Na kinachotafutwa si mkono kwenda pole tu, kila mzee mkono wake unakwenda pole, kinachotafutwa ni kule kupungua: mara ya kwanza vidole vinaachana vizuri, mara ya tano upana umepungua, mara ya nane vinaachana kidogo tu kama havitaki. Kupungua kwa milimita chache jicho halishiki, video inashika. Na miezi sita baadaye ukirudia, unaziweka namba mbili pamoja unajua imezidi au imebaki pale pale, manake daktari gani atakumbuka vidole vya babu vilikuwa vipi mwezi wa tatu, na amewaona watu mia katikati hapo.

Chuo Kikuu cha Florida kule Marekani, watu wa Diego Guarin, wametengeneza programu ya bure inaitwa VisionMD inayofanya kazi hii ya kupima. Na Chuo Kikuu cha Rochester, kundi la Ehsan Hoque, mwaka 2023 walitoa utafiti wa watu 250 waliojirekodi vidole mbele ya kamera ya kompyuta, wengi wakiwa nyumbani kwao. Kompyuta ikapitwa kidogo na mabingwa, lakini ikawapita watu wenye cheti cha kutoa zile alama ambao si mabingwa. Hapo mimi nilisimama nikasoma tena, manake huku kwetu bingwa hatuna, tunao sisi wengine. Kitu kinachomkaribia bingwa pahali ambapo bingwa hayupo, hicho si kidogo. Nairobi labda ni urembo, huku visiwani kwetu, Faza na Kizingitini, ni jambo jengine kabisa.

Kwa hivo simu itanambia kama babu ana Parkinson?

La. Itakwambia mkono wa babu unakwenda pole na unapungua. Kwa nini unapungua, kama ni Parkinson, kiharusi cha zamani, baridi yabisi ya vidole au dawa anazokunywa, hio ni kazi ya daktari na mkono wake juu ya mkono wa babu. Kuna kukakamaa kwa misuli ambako hakuonekani kwa video hata uwe na kamera ya sinema, lazima mtu aushike mkono auzungushe.

Hio "mapema" ni mapema kiasi gani?

Hapa vichwa vya habari huongeza chumvi. Parkinson inaua taratibu zile seli za ndani ya ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuendesha mwili, na inakisiwa mpaka mkono uanze kutetemeka nusu ya hizo seli au zaidi zishakwenda. Ishara za kwanza kabisa, ambazo huja miaka mingi mbele, hazionekani kwa kamera: pua kutosikia harufu (mtu hausikii udi uliofukizwa chumba hicho hicho), choo kigumu cha kudumu, na kupiga mateke na makelele usingizini kama mtu anapigana ndotoni. Video yaja baada ya hapo. Inayoweza kuyaona ni mambo kama mkono mmoja kutopunga mtu akitembea, macho kupepesa mara chache kuliko kawaida, uso kuwa mzito, kugeuka kwa hatua nyingi ndogo ndogo badala ya moja mbili.

Kwa hivo mapema ya video, kwa sasa, ni mapema kabla ya familia kukubali kwamba kuna jambo. Ukiniuliza mimi hata hio inatosha, watu wanaokuja kwangu huwa washaanguka mara kadhaa na wameambiwa ni uzee.

Kuna wanaokwenda nyuma zaidi lakini si kwa video. Chuo Kikuu cha Cardiff mwaka 2023 walichukua data za watu zaidi ya laki moja wa Uingereza waliovaa kifaa cha mkononi kama saa kwa wiki moja, wakaona mwendo wa waliokuja kupata Parkinson ulikuwa ushaanza kuwa mzito mpaka miaka saba kabla ya kuambiwa wanaumwa.

Na kuna kitu cha bure hamkifikirii: video za zamani. Kila nyumba hapa ina video za harusi na za Maulidi. Mtafute mzee ile ya miaka mitatu minne nyuma akipita kwenye zefe, angalia mikono yake yote miwili inapunga au mmoja umelala, alafu umchukue sasa pahali kama pale. Daktari ukimpelekea hizo mbili atakushukuru kuliko ukimwambia "ameanza juzi juzi tu".

Lakini Parkinson haiponi, sasa kujua mapema kunafaa nini si kujitia wasiwasi?

Swali zuri na nimeulizwa na watu wenye akili zao. Ni kweli haiponi, tangu James Parkinson aueleze London mwaka 1817 mpaka leo hakuna dawa ya kuuondoa. Ila kuna dawa inayomrudishia mtu mwendo wake, levodopa, ipo tangu miaka ya 1960, na mtu akiitumia vizuri anaweza kuendelea na shughuli zake miaka mingi. Mazoezi nayo, na hapa nasema kama fundi wa mazoezi, ukianza mtu bado ana nguvu na hajaogopa kuanguka utapata mengi, ukianza keshavunjika nyonga mnapigania kidogo kilichobaki.

Alafu kuna kazi. Nahodha, mpanda minazi, fundi wa jahazi pale Matondoni anayeshika tezo, hawa kuchelewa kwa mkono kidogo ni hatari na ni heri wajue.

Na kuna la nyumbani ambalo haliandikwi popote. Uso wa mwenye Parkinson unaganda, hacheki, haonyeshi. Mke anasema mume wangu amebadilika, amenuna tangu Ramadhani, watoto wanasema baba hatupendi tena, na yeye ndani yuko vile vile, ni misuli ya uso haimtii. Nimeona nyumba ilikuwa karibu kuvunjika kwa hilo. Watafiti wa Rochester hao hao wanaangalia video za watu wakitabasamu, kompyuta inapima pembe za mdomo na nyusi zimepanda kiasi gani. Kwangu mimi hio ndio habari kubwa kuliko ya vidole, kwa sababu uso ndio unaokosewa kusomwa.

Mamangu mikono inatetemeka akishika kikombe, ni Parkinson?

Mara nyingi sio. Mtetemeko wa Parkinson hupenda kuja mkono ukiwa umepumzika, umelala mapajani, na huanza upande mmoja. Ule wa kikombe kumwagika chai, wa mikono yote miwili, ambao mamake mama pia alikuwa nao, huwa ni mtetemeko wa kurithi, ni jambo jengine na dawa zake ni zengine. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi pia inatetemesha. Kamera inasaidia hapa kwa sababu inahesabu, mtetemeko wa Parkinson huwa mara 4 mpaka 6 kwa sekunde, na inaonyesha unakuja wakati gani.

Kabla ya yote hayo lakini, toa mfuko wa dawa umwage mezani. Kuna dawa zinazoleta dalili za Parkinson kwa mtu asiye nayo: haloperidoli na ndugu zake wa magonjwa ya akili, metoklopramidi ya kutapika, na sinarizini, hio ya kizunguzungu ambayo watu huimeza kwa ajili ya bahari alafu wazee wengine wanaendelea nayo kila siku miezi na miezi. Kompyuta itaona mwendo mzito tu, haijui ndani ya mfuko mna nini. Msiziache wenyewe ghafla, muonyesheni daktari.

Nirekodi vipi ili ifae?

Hili ndilo la maana kuliko yote na ndilo watu hawaulizi. Video nyingi ninazoletewa ni giza, zinatikisika, kuna mtu anapita mbele na redio inaimba.

Mwanga kwanza. Nyumba zetu za mji wa kale ni baridi na nzuri lakini ndani ni kiza, na kamera kwenye kiza huvuruga kila kinachokwenda haraka, vidole vinakuwa ukungu na vile vidoti havina pa kukaa. Toka kiwandani, yaani uani kwa nyumba, asubuhi au barazani, jua lisiwe nyuma ya mgonjwa. Usiishike simu kwa mkono, wewe nawe una mtetemeko wako, iegemeze kwa vitabu au juu ya meza. Kama simu inakubali picha 60 kwa sekunde weka 60, kama ni 30 basi 30 si mbaya. Zima ile ya kulainisha uso, nakuombeni, nimeletewa mzee wa miaka sabini na kitu ana ngozi kama bibi harusi, na kinachotafutwa ni uso wake kama ulivyo.

Kwa vidole: akae kwa kiti, mkono uinuliwe usawa wa bega, uso wa kamera uuone mkono kutoka ubavuni ili ile nafasi baina ya gumba na shahada ionekane, mkono ujae kwa picha. Sekunde kumi na tano, mkono wa kulia, alafu wa kushoto, kila mmoja video yake. Mwambie apanue awezavyo na aharakishe awezavyo, na usimhesabie kwa sauti, ukimhesabia anafuata mdundo wako na ugonjwa unajificha. Hilo ni la kweli kabisa, watu wa Parkinson wakipewa mdundo hutembea vizuri kuliko peke yao.

Kwa kutembea: mwili mzima uonekane kichwa mpaka nyayo, aje kuelekea kamera, ageuke, arudi. Hapa Lamu vichochoro ni vyembamba na punda hana adabu, nendeni ufukweni maji yakitoka mchanga ukiwa mgumu, au uwanja wa madrasa watoto wakishaondoka. Mchanga laini usitumie, hapo kila mtu ana Parkinson.

Kwa kupumzika: mikono juu ya mapaja, mwambie ahesabu kutoka mia kwenda nyuma kwa saba saba au amtaje mwalimu wake wa chuo mmoja mmoja. Akili ikishughulika mkono unajisahau na mtetemeko unatoka.

Kama tayari anakunywa dawa chukua mara mbili, kabla ya ile ya asubuhi na saa moja baada ya kuimeza, na useme ndani ya video ni ipi. Bila hivo namba hazina maana, mkono wa kabla ya dawa na wa baada ya dawa ni kama wa watu wawili.

Baba hatoki bila kanzu na mama hafunui uso. Itawezekana?

Kanzu inaficha magoti na nyonga, programu itakisia vidoti na itakisia vibaya. Buibui vile vile. Ndani ya nyumba avae msuli au kikoi kilichopandishwa juu ya magoti, au suruali, na shati lisiwe pana. Mama vidole na viganja vinatosha kabisa kwa kuanzia, hakuna haja ya uso, na akirekodiwa na binti yake au mjukuu wa kike na video ikaenda kwa daktari wa kike nani atalalamika. Akitaka uso upimwe ni uamuzi wake yeye, si wako mwanawe.

Hao waliotengeneza hizi programu sidhani walimfikiria mtu wa kanzu hata siku moja.

Basi ilifundishwa kwa Wazungu, itatujua sisi?

Wasiwasi wenu ni wa haki. Kompyuta inajua ilichoonyeshwa, na video nyingi walizoifundishia ni za watu wa Marekani na Ulaya. Vidole na mwendo havibadiliki sana kwa rangi ya mtu, uso ndio unaotia shaka zaidi, na ngozi nyeusi kwenye mwanga mbaya kamera inaipoteza. Pia mambo ya mila, kuna bibi zetu hawatabasamu mbele ya kamera na si ugonjwa, ni heshima. Mimi namba ikitoka ya kuogofya sitaiamini bila ya mtu kumuona mgonjwa, na ikitoka nzuri wakati familia inasema jambo limebadilika, nitaiamini familia.

Mtoto mchanga je? Yangu ana miezi mitatu na alichelewa kulia alipozaliwa.

Hapa video ina historia ndefu kuliko hii AI. Daktari mmoja wa Austria, Heinz Prechtl, aligundua kwamba ukimlaza mtoto chali, yuko macho, ametulia, halii, hana cha kuchezea, ukamuangalia tu anavyojinyonganyonga, unaweza kujua ubongo wake uko vipi. Kuna mijongeo midogo midogo ya mwili mzima, ya shingo, mikono na miguu, inayotakiwa ionekane baina ya wiki ya 9 na ya 20, ukihesabu tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Isipoonekana, hatari ya mtindio wa ubongo ni kubwa, na unajua hapo wakati kwa kawaida huku kwetu mzazi huambiwa mtoto keshapita mwaka na hajakaa. Watafiti wa Norway waliifundisha kompyuta kuangalia video kama hizo za watoto zaidi ya 500 kutoka nchi nne na matokeo wakayatoa 2022.

Kwa mtoto wako: mvue, abaki na nepi tu, mlaze kwenye mkeka au shuka la rangi moja, simu juu yake imtazame mwili mzima, dakika tatu mpaka tano. Usimchekeshe, usimwimbie. Akilia acha, jaribu baadaye akishanyonya. Ukiwa Malindi au Lamu ipeleke kliniki ya watoto uwaeleze alichelewa kulia, hilo neno usilisahau, wao huliangalia kwa uzito. Na kama aliyezaliwa njiti au aliyepata manjano kali ni hivo hivo.

Kitu kimoja cha haraka: mtoto wa miezi mitatu mpaka minane anayejikunja ghafla na kurusha mikono, tena na tena, mara nyingi akiamka tu, na watu wanasema "anashtuka" au ni tumbo, chukua video moja na uende hospitali siku hio hio.

Kifafa na degedege?

Kwa kifafa video ya simu ya mtu wa kawaida ni dhahabu hata bila ya kompyuta yoyote. Mgonjwa akifika kwa daktari amekaa kimya, mzima, na anayeeleza ni jirani aliyeogopa. Mwaka 2020 Marekani walipima, madaktari waliotazama video za simu walikuwa wanalingana vizuri na kipimo cha umeme wa ubongo kinachofanywa hospitali pamoja na video. Kompyuta za kuzisoma video hizo zenyewe bado zinajengwa.

Mmoja amlaze mgonjwa ubavu, aondoe vitu karibu, asimtie kijiko wala kidole mdomoni wala kumnusisha kiatu. Mwengine ndio arekodi: uso, macho yako wazi au yamefungwa, upande gani ulianza, na uendelee mpaka aamke, watu hukata video mapema na pale mwisho ndipo penye mambo. Ikipita dakika tano weka simu umkimbize. Kifafa kimefanyiwa utafiti miaka mingi na KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, pale Kilifi kwa sababu kiko kingi, kwa hivo si jambo la kuona haya wala la kumficha mtu chumba cha nyuma.

Mdomo umekwenda upande na mkono umelegea, nichukue video kwanza?

USICHUKUE VIDEO. Hicho ni kiharusi, angalia saa, kumbuka dalili zilianza wakati gani, tafuta boti. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya masaa manne na nusu na lazima CT scan ifanywe mbele, na mwenye kukaa visiwani anajua masaa hayo yanavyokwisha baina ya gati na gati. Hata ikiondoka yenyewe baada ya dakika kumi, nendeni.

Video yangu itakwenda wapi? Sitaki baba aonekane TikTok.

Wala mimi. Sheria ya kulinda data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, kwa hivo mtu yeyote anayezichukua lazima akwambie za nini na anazilinda vipi, na una haki ya kukataa. VisionMD niliyoitaja inafanya kazi ndani ya kompyuta ya daktari mwenyewe bila kuipeleka video nje, ndio maana naipenda. Tovuti inayokutaka upakie uso wa mzee bila kukwambia ni ya nani, achana nayo.

Na WhatsApp: ukituma kama video inaibana, picha inapungua ubora, kazi yote ya mwanga uliyofanya imepotea. Tuma kama dokumenti. Usitume kwa grupu la ukoo, mnajijua.

Kuna app niidaunlodi?

Ya kukupa jibu nyumbani ambayo ningeisimamia, hakuna. Zilizoko playstore zinazosema zinapima Parkinson kwa dakika moja sizijui zimepimwa na nani. Kamera ya simu yako inatosha, chukua video, mpelekee mtu anayejua kuangalia.

Naipeleka kwa nani sasa?

Lamu anza hospitali ya King Fahd, Malindi hospitali ya serikali ya mjini, muone daktari au klinikal ofisa na uombe rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Hao wengi wako Nairobi na Mombasa. Kutoka Lamu ni boti mpaka Mokowe alafu basi siku nzima, na mzee aliyekakamaa ile safari inamuua kabla ya ugonjwa, kwa hivo uliza kama daktari anakubali kuziona video mbele na mzungumze kwa simu, wengine wanakubali, akiona ni lazima ndio msafiri. Bebeni orodha ya dawa na karatasi ya tarehe ulipoanza kuona nini. Usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali, muwe mshaukamilisha, msifike dirishani ndio mnaanza.

Nimesikia mbegu za upupu zinatibu, ni kweli?

Ni kweli zina levodopa ndani, hilo si uganga, ni kemia na limepimwa. Tatizo ni kipimo, mbegu hii ina nyingi na ile ina kidogo, mtu anatapika, presha inashuka anaanguka, na akichanganya na vidonge vya hospitali ndio balaa. Anayetaka kujaribu amwambie daktari wake. Na yale manyoya ya ganda nadhani hamhitaji kuambiwa.

Mzee hataki kurekodiwa, anasema tunamdhalilisha.

Msimvizie. Kamera ya kujificha inamfanya asiwaamini tena, na video ya kuviziwa mara nyingi haifai. Atafutwe mtu anayemsikiliza, huwa si mtoto wake, huwa ni rafiki wa barazani au yule wanayecheza naye bao. Mpeni heshima ya kuchagua: aanze na mikono tu, uso usionekane, yeye mwenyewe aione video kwanza na akisema futa ifutwe mbele yake. Wengi nilioona wanakubali baada ya kujiona, manake mtu hajui mkono wake haupungi mpaka auone. Mwengine anakataa kabisa na hapo basi, mlete kliniki niangalie kwa macho yangu ya kawaida.

Naweza kukutumia wewe hizo video?

Hapana, simu yangu si pahali pa kuweka siri za watu na nikipoteza simu nimewapoteza nyote. Njoo nayo kliniki kwenye simu yako, tuitazame pamoja na mgonjwa akiwepo, na uje asubuhi kabla ya foleni ya magoti.